Njiti mbili za kiberiti: kisa cha MGB ya Mikindani

Mlango wa kulia uligoma kufunga siku ya Jumanne, saa tano asubuhi. Gari, MGB ndogo ya spoti ya Kiingereza, lilikuwa juu ya stendi nne kwenye gereji moja ya Chikongola, Mtwara mjini, vizingiti vyake vyote viwili vimekatwa kwa grenda na kutupwa pembeni kama maganda ya muwa. Nasema vizingiti nikimaanisha lile boksi refu la bati lililo chini ya mlango, unaloliruka kwa mguu unapoingia ndani. Fundi bodi aliusukuma mlango, ukagota. Akausukuma kwa goti, ukagota tena, na rangi mpya ya wiki tatu ikabanduka kwenye kona ya juu, kipande cha ukubwa wa ukucha.

Tukatazamana.

"Bosi," akasema, "mlango umekua."

Mlango wa chuma haukui. Ilituchukua siku mbili kuelewa kilichotokea na miezi saba kukirekebisha. Naandika kisa hiki kirefu kwa sababu wapo watu, hata huku kusini, wanaoanza kuyatazama magari ya zamani ya spoti kwa jicho la kutamani, na wengi wataanzia pale nilipoanzia mimi, yaani kwenye injini.

Nilichokinunua

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Kazi yangu ni mizani, stakabadhi na daftari. Januari moja, malipo ya minada yalipokwisha kuingia na mfuko wangu ukiwa na joto kidogo, nilisikia kwamba Mikindani kuna "kagari ka Mzungu" kamelala kwenye banda la makuti nyuma ya nyumba moja karibu na ghuba. Nilikwenda siku hiyohiyo. Nilikuta MGB, gari dogo la wazi la viti viwili, paa lake turubai tu, na hilo turubai lenyewe panya walishalimaliza. Magurudumu ya spoku. Usukani mkubwa mwembamba. Kwenye buti kulikuwa na mifuko mitatu ya salfa ya kupulizia mikorosho.

MGB zilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1980, zaidi ya 500,000 kwa jumla. Kwa hiyo si gari la ajabu kwa uadimu wake. Ni la ajabu kuliona Mikindani. Aliyelileta alirudi kwao akamuuzia mwenyeji mmoja, huyo mwenyeji akaliendesha mpaka likachoka, kisha akafariki, na gari likabaki.

Muuzaji, mpwa wa marehemu, aliniambia ni la mwaka 1970. Hapo walau nilifanya jambo moja la akili, nilisoma namba. Kibati cha chini ya boneti kinaanza na GHN3, na hiyo ni toleo la kwanza la gari la wazi, lililokoma 1967. Namba ya injini inaanza na 18GB, na hizo ndizo injini za kranki yenye beringi kuu tano zilizoanza mwishoni mwa 1964. Za kabla yake zilikuwa na beringi tatu tu. Vitasa vya milango ni vya kubonyeza, navyo vilikuja 1965, kabla ya hapo vilikuwa vya kuvuta. Basi gari ni la kati ya 1965 na 1967. Mpwa hakuwa mwongo, alikuwa hajui tu. Nilijiona mjanja sana siku ile.

Kisha akaleta betri za pikipiki mbili za jirani, akaziunga zote, akagonga kitu fulani karibu na gurudumu la nyuma la kulia kwa mpini wa bisibisi. Tik-tik-tik-tik. Pampu ya petroli, ya umeme, iliyolala miaka isiyopungua ishirini, ikaanza kugonga kama saa ya ukutani. Tangi lilikuwa kavu, kwa hiyo haikunyamaza. Hugonga mpaka kabureta zijae. Nikasimama pale nikiisikiliza. Shilingi milioni tatu na nusu zilitoka mfukoni mwangu kwa sababu ya mlio ule, na ninaposema hivi sitanii.

Sasa yale niliyoyaona nisiyaelewe. Nina tabia ya kupima vitu, ni ugonjwa wa kazi. Mlango wa dereva niliupima kwa njiti za kiberiti, kwa kuzichomeka kwenye mwanya kati ya mlango na bodi. Njiti moja ina unene wa kama milimita mbili. Kwenye kona ya juu, upande wa nyuma, ilipita njiti moja kwa taabu. Chini kabisa zilipita tatu. Niliandika kwenye daftari: "mlango wa kulia: juu 1, chini 3. Bawaba zimechoka?" Kisha nikageuza ukurasa nikaanza kuhesabu gharama za injini.

Mwanya wa mlango wa gari hili unatakiwa kuwa njiti mbili, na uwe huohuo kutoka juu hadi chini. Ukikuta juu umebana na chini umeachia, bodi imeinama katikati, na bawaba hazina kosa. Habari yote ya gari hili ilikuwa kwenye mstari mmoja wa daftari langu tangu siku ya kwanza.

Miezi sita ya kufurahi

Injini nitaipitia haraka kwa kuwa ilikwenda vizuri, na kwa kweli ndiyo sehemu rahisi. Ilikuwa imeshika, haizunguki. Tulitoa plagi, tukamimina dizeli iliyochanganywa na oili ya giaboksi ya otomatiki kwenye silinda zote nne, tukaiacha siku tisa, tukaizungusha taratibu kwa spana mpaka ikaachia. Ni injini ya sentimita za ujazo 1,798, kabureta mbili, chuma kitupu juu na chini. Mzee mmoja wa gereji aliitambua kwa sauti kabla hajaiona, maana ni ukoo mmoja na injini za Morris Oxford na Austin Cambridge alizozifungua ujanani.

Mambo mawili yanafaa kujulikana. La kwanza ni vali. Petroli yenye madini ya risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006, na gari hili lililala kabla ya hapo. Risasi ile ndiyo iliyokuwa ikivikinga vikalio vya vali za ekzosi kwenye silinda hedi za chuma cha zamani. Bila hiyo, kwenye safari ndefu za mwendo mkali, vikalio huliwa na vali huzama. Hedi ilikwenda Dar es Salaam kwa basi ikawekewa vikalio vigumu, ikarudi.

La pili ni nati. Gari lote ni la inchi. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, na fundi wa leo ataikamata na spana ya 13. Ikiwa nati imelainika, itatoka. Ikiwa imekula kutu ya Mikindani, ile nafasi ya milimita 0.3 inatosha kuzila pembe zake zikawa mviringo. Tuliharibu nati kumi na moja ndipo tukamkumbuka fundi mmoja wa matrekta Masasi, mwenye seti kamili ya spana za inchi kwa ajili ya Massey Ferguson za zamani. Alituazima kwa sharti kwamba niende nazo mwenyewe na nizirudishe mwenyewe.

Umeme ulitushinda siku moja nzima. Magari haya ya mwanzo betri yake inafungwa chanya kwenye bodi. Nilisahau kumwambia fundi umeme, naye akafunga hasi kwenye bodi kama alivyofunga maisha yake yote. Dinamo ikakataa kuchaji na mshale wa mizunguko ya injini ukafa palepale. Haujafufuka hadi leo. Halafu ile salfa ya kwenye buti. Salfa na shaba hazipatani, shaba hugeuka nyeusi, na kila kiungo cha waya cha nyuma ya gari kilikuwa cheusi kama masizi. Taa za nyuma zilirudi baada ya kusugua viungo vyote kimoja kimoja kwa msasa.

Mwishoni mwa Julai tukapiga rangi. Nyekundu. Ilipendeza mno, na nilimlipa mpaka rangi milioni moja na laki moja nikijua nimemaliza.

Ngongo

Nane Nane nilikwenda nalo Lindi, kwenye viwanja vya Ngongo. Upepo wa kusi, mvua hakuna, barabara nyeupe. Kabla ya Mnazi Mmoja nilisikia mlango wa abiria ukilia kila tulipopanda tuta, mlio mwembamba kama wa kitanda cha kamba. Kwenye tuta la tatu ukafunguka wenyewe. Mke wangu alikuwa amefunga mkanda, Mungu ni mwema. Aliushika mlango kwa mkono hadi Lindi na hakusema neno, jambo lililonitia hofu kuliko mlango.

Pale Ngongo watu walilizunguka gari, wakapiga picha. Akaja mama mmoja wa makamo, kanga mbili, akasimama mbele ya boneti muda mrefu bila kupiga picha yoyote. Kisha akasema, taratibu tu, "Hili gari la baba."

Nilimwamkia. Nikamweleza nilipolinunua na aliyeniuzia. Akacheka kwa huzuni. Marehemu alikuwa na watoto wanne, wawili wako Lindi, na hakuna aliyeulizwa.

Hapa inabidi nieleze kwa wasiotoka huku. Makonde, Makua na Wamwera kwa asili ni watu wa upande wa mama, na mpwa ana nafasi yake kwa mjomba, si mgeni wa kufukuzwa mlangoni. Huyu mpwa ndiye aliyemuuguza marehemu mpaka siku ya mwisho. Kwa mizani yake, gari lililooza bandani lilikuwa jasho lake. Watoto nao wana haki yao, na sheria inawatambua. Mimi nilikuwa na karatasi ya mauziano iliyosainiwa na mtu asiye mmiliki, na kadi ya gari yenye jina la marehemu. Kwa lugha ya kazini kwangu, stakabadhi isiyo na mzigo ghalani.

Njia ya kutoka ni moja: kikao cha ukoo, muhtasari wake, Mahakama ya Mwanzo, msimamizi wa mirathi, na yeye ndiye auze. Walikaa, wakamteua yule mama, mahakama ikampitisha. Nikanunua gari langu mara ya pili kwa kuongeza milioni moja na laki mbili, na mpwa akapewa fungu lake humohumo, jambo lililoniondolea fundo. Nilibahatika. Kama wangesema tunalitaka gari letu, ningewapa na rangi yake mpya na injini yake na vikalio vyake vigumu. Katika mambo yote ya kisa hiki, hili ndilo lingeweza kunimaliza kabisa, na lilikuwa linaonekana kwa kusoma jina moja kwenye kadi. Afueni iliyokuwepo ni kwamba ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa mwaka 2017, kwa hiyo sikukuta mlima wa madeni ya miaka gari lilipolala.

Sumaku

Niliporudi kutoka Lindi ndipo nikachukua sumaku ya spika mbovu nikaipitisha chini ya milango. Haikushika. Nikaipeleka mbele, kwenye bawa, lile bati linalofunika gurudumu, ikashika tap. Nikairudisha kwenye kizingiti, ikateleza ikaanguka. Chini ya rangi yangu nyekundu hapakuwa na chuma cha kutosha kumshika mende.

Tulipotoboa tulikuta kazi ya fundi fulani wa zamani, na lazima niseme alikuwa na mkono mzuri. Alikata bati moja refu, akalikunja kwa umbo la kizingiti, akalipachika juu ya kizingiti cha asili kilichokwisha kuoza, akaziba viungo kwa puti, na nyuma ya puti akashindilia magazeti ili isidondokee ndani. Ukiitazama huoni kitu, isipokuwa mahali pamoja. Kizingiti cha MGB hakiishii pale mlango unapoishia. Kinaendelea mbele nyuma ya bawa, na kinaendelea nyuma chini ya ubavu wa gurudumu. Cha bandia kilikomea kwenye ukingo wa bawa, kwa mstari ulionyooka mno.

Ndani yake kulikuwa na mchanga mweupe wa baharini, kama kibaba na nusu. Watu wanapenda kusema ni upepo wa bahari unaokula magari ya Mtwara na Lindi. Ni kweli, lakini si kweli yote. Kizingiti hiki kina tabaka: ukuta wa ndani, bati la wima la katikati, ukuta wa nje, na chini kipande chenye meno kama ukingo wa ngome. Kati ya meno hayo ndimo maji hutokea. Fundi wa puti aliyaziba meno yote ili kazi ionekane safi. Maji ya mvua yaliyoingia kupitia turubai bovu na mchanga wenye chumvi ulioletwa na miguu vikakaa humo, kiangazi na masika, bila pa kutokea. Banda la makuti halikuwa na kosa.

Tulivyokata

Sasa turudi kwenye Jumanne ile.

Fundi bodi niliyempa kazi ni hodari, na bado ninampa kazi. Shule yake ni Land Cruiser na Hilux. Kwenye magari hayo bodi imekalia chesisi, mihimili miwili ya chuma inayobeba kila kitu. Unaweza kukata vizingiti vyote viwili, ukaenda kula, ukarudi, gari liko vilevile. Amekata pia vizingiti vya Corolla, ambayo haina chesisi, na ikasimama, kwa kuwa paa la bati na nguzo zake vinaishikilia kutoka juu. MGB haina hiki wala kile. Iliyoitangulia, MGA, ilikuwa na chesisi. Kwenye MGB bodi yenyewe ndiyo uti, na kwa kuwa juu ni turubai, karibu nguvu yote ya kuzuia gari lisijikunje inapita kwenye vizingiti viwili na lile handaki la giaboksi la katikati.

Aliniuliza, nakumbuka vizuri, kama tukate upande mmoja kwanza. Nilimjibu akate yote, nilitaka kumaliza kabla mwezi haujaisha. Hilo ni langu. Stendi alizipanga mbili chini ya mihimili ya mbele ya injini na mbili karibu na springi za nyuma, kama inavyofanywa kila siku. Kwa hiyo gari lilikuwa limeshikwa kichwani na mkiani, tumbo linaning'inia, na tumbo hilo tukaliondolea mfupa. Likazama. Likizama katikati, tundu la mlango linafinyika juu na kuachia chini. Nilipima: juu sifuri, chini njiti saba. Ule mlango uliokuwa "umekua" ulikuwa umebanwa tu.

Tulijaribu ya kijinga kwanza. Fundi akapendekeza tusage ukingo wa mlango. Namshukuru Mungu umeme ulikatika.

Siku ya pili alikuja mzee mmoja wa Mikindani, fundi wa vyombo, anayetengeneza majahazi na mashua. Alileta kikono cha injini ya mashua kilichovunjika, kichomelewe. Alisimama akingoja, akatazama gari letu lililokatwa, akainama akachungulia chini.

"Mmelipigia gadi wapi?" akauliza.

"Shikamoo mzee. Hili ni gari, si chombo."

"Marahaba. Na mkuku wake uko wapi?"

Nikamwonyesha lundo la vyuma chakavu pembeni.

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akatueleza jambo analolijua tangu utoto wake: chombo kikipandishwa pwani kutengenezwa, kabla hujagusa mkuku, ule uti wa chini wa chombo, au ubao wowote wa chini, unakipigia gadi, miti ya kukiegemeza kila upande, na magogo chini ya tumbo, ukikisikiliza kinavyokaa. Ukitoa ubao kabla ya gadi, chombo kinachukua umbo jipya, na mbao mpya utakazopigilia zitalifunga umbo hilo milele. "Mkichomelea vyuma vyenu sasa hivi," akasema, "mtakuwa mmelifunga likiwa limepinda."

Hilo la mwisho ndilo lililotuokoa. Vyuma vipya vilikuwa tayari, fundi alikuwa na mashine mkononi, na ukweli ni kwamba tungechomelea mchana uleule.

Mzee hakupatia yote. Alishauri tupake sifa ndani ya vizingiti vipya, yale mafuta ya papa wanayopakia vyombo. Najua yanazuia maji. Najua pia yananukaje saa nane mchana.

Kulirudisha

Tulianza kwa kutafuta sakafu. Ya gereji ilikuwa na mteremko, kwa hiyo tulilihamisha gari kwa kulibeba, vijana wanane, hadi kwenye baraza la zege la jirani. Boriti nene ya mbao ikawekwa chini ya tumbo, chini yake jeki mbili za mafuta, moja kila upande. Tukapandisha kidogo, tukapima njiti, tukapandisha, tukapima. Upande wa kulia ulirudi kwanza. Wa kushoto ulikuwa mkaidi kwa kuwa sakafu yake nayo ilikuwa imeoza, jeki ilikuwa inainua bati badala ya gari. Ilibidi tuchomelee kipande cha sakafu kwanza, ndipo jeki ipate pa kusukuma. Kazi ya asubuhi moja kwenye karatasi ilichukua siku nne.

Njiti zilipofika mbili juu na mbili chini, tukapiga gadi zetu: skwea paipu mbili kila mlango, kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, na nyingine moja ya kukatiza gari kutoka upande mmoja hadi wa pili. Tulizichomelea upande wa ndani wa nguzo ili mlango uweze kufungwa zikiwa zimo. Bila hivyo unapima kwa macho, na macho ndiyo yaliyotufikisha pale.

Vyuma havikuwa tatizo nililolitarajia. Kila mtu aliniambia spea za gari hili hazipo duniani. Zipo kuliko za saluni nyingi za Kijapani za miaka ya themanini, maana Waingereza wanayapenda magari haya hadi kufikia, mwaka 1988, kuanza kutengeneza upya bodi nzima nzima za MGB. Niliagiza kuta za nje na vile vipande vya meno. Viliingia Dar, vikaja Mtwara kwa basi kama parseli, kimoja kimekunjwa na gunia la mtu. Kuta za ndani na mabati ya katikati tulikunja hapahapa kwa bati la geji 18, milimita 1.2.

Safari hii tulikwenda upande mmoja mmoja. Kuchomelea kwa nukta, nukta moja mbele, nyingine nyuma, nyingine katikati, chuma kisipate joto kikajikunja. Kila jioni mlango unafungwa, njiti zinapita, naandika. Kulikuwa na wiki mbili za Desemba ambazo daftari linasema kitu kimoja tu kila siku: mvua. Machi tukakata skwea paipu. Nilikuwa nimeshika kiberiti mkononi wakati ya mwisho inatoka, na fundi naye alikuwa ameacha kuvuta sigara yake. Gari lilitoa mlio mdogo, tiki. Likakaa.

Hesabu inauma pale unapoipanga. Rangi ya milioni moja na laki moja ilikwenda yote, kuanzia kiunoni kushuka chini ilibidi ikwanguliwe. Bodi, pamoja na vyuma na usafiri, ilimeza milioni nne na laki sita, zaidi ya injini, ambayo ilikula milioni tatu na ushei. Kama ningeielewa ile "juu 1, chini 3" siku ya kwanza bandani, nisingemlipa yule mpwa milioni tatu na nusu. Ningemwambia, mdogo wangu, hili gari halina mkuku, na tungeanzia milioni moja. Bado ningelinunua. Injini ya aina hii utaipata, utaichonga, utaiagiza; bodi iliyopinda na kufungwa ikiwa imepinda haina duka.

Linavyokaa sasa

Ndani ya vizingiti tulimimina nta ya nyuki iliyoyeyushwa na kuchanganywa na oili, ikazungushwa gari likiwa limeinamishwa huku na huku. Tuliiyeyusha ndani ya sufuria la maji ya moto, mbali na mashine ya kuchomelea. Meno ya chini yako wazi, na kila mwezi ninayapitishia spoku ya baiskeli. Msimbati, kule kwenye mchanga wa ufukweni, siendi nalo, hata kwa kubembelezwa. Kila kilomita elfu tano ninapiga grisi kwenye kingipini za mbele, zile pini ambazo magurudumu hugeukia, ambazo mafundi wengi huzisahau kwa kuwa magari ya leo hayana. Kabureta zina vikombe vyake vya oili juu, navyo huongezwa oili nyepesi. Ukiviacha vikauke gari linakohoa unapokanyaga mafuta.

Yule mama wa Lindi alikuja Mtwara kwenye harusi mwezi wa sita, nikamzungusha Shangani. Alikaa kiti cha abiria na alijua kitasa kilipo bila kutafuta.

Mlango wake ndio ambao haujanyooka. Upande wa kushoto juu ni njiti moja na nusu, chini mbili na nusu, na unataka kuinuliwa kidogo kwa mkono ndipo ufunge. Fundi anasema tunaweza kuurekebisha kwa kuweka bati jembamba nyuma ya bawaba. Nimeandika kwenye daftari. Tutaangalia baada ya msimu.